Fungu la Tano Lina Sita

Watoto thelathini na wanane hawajui kuhesabu kwa tano. Inspekta amewapa wiki saba. Atakayeshindwa atarudia mwaka wa kwanza, na mtoto wa miaka tisa akirudishwa kukaa benchi moja na wa miaka sita, hakai. Anaacha shule. Butembo kila mtu anajua hivyo.

Ni Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tatu, saa mbili asubuhi, katika shule moja ya msingi upande wa Bulengera. Madawati yamesukumwa ukutani. Watoto wamekaa chini juu ya magunia, kundi kwa kundi, na katikati ya kila kundi kuna karatasi yenye njia ya vyumba mia moja, inayopinda kama barabara ya kwenda Beni. Kete ni punje za maharagwe.

Séphora, miaka tisa, ameshika kadi na bado hajaifunua. Anaipuliza kwanza, apate bahati.

"Weye unapulizia kadi kama ni uji ya moto," Syauswa, mvulana aliyekaa mbele yake, anamwambia. "Funua, jua litatua."

Kadi inasema aruke tano. Séphora anasukuma haragwe lake chumba kwa chumba: moja, mbili, tatu, ine, tano. Mdomo unanyamaza kwenye tano. Kidole hakinyamazi. Kinalisukuma haragwe chumba kimoja tena, bila neno, na hapo ndipo linapokaa. Chumba cha sita.

Zamu ya Syauswa. Anahesabu tano kwa sauti na kutua kwenye sita. Hakuna anayelalamika. Kwa wote wanne wa kundi hilo, mchezo unakwenda sawa.

Mwalimu wao, Adèle Kahongya, amesimama juu yao mikono kiunoni. Ameeleza, amefuta, ameeleza tena, ameshika vidole vyao kimoja kimoja. Kuna makundi kumi, na yote yanatua kwenye sita, kumi na mbili, kumi na nane. Wanakosea wote, na wanakosea namna moja.

"Nilifikiri beko nanichekelea," anasema leo, akikumbuka asubuhi ile.

Adèle ana miaka thelathini na sita. Alizaliwa Kipese, kwenye baridi ya milima ya Lubero, kwa watu wa viazi na kabichi. Ni mjane, ana mabinti wawili. Amefundisha mwaka wa kwanza kwa miaka kumi na mmoja, na kwa miaka yote hiyo serikali haijaliweka jina lake kwenye orodha ya mishahara. Kila akiuliza anaambiwa faili iko Kinshasa. Shule humpa dola thelathini kwa mwezi, miezi ambayo zipo. Chakula cha nyumbani kinatoka kwenye shamba la marehemu baba yake, ambako hupanda pikipiki kila Jumamosi kwenda kulima.

Ni mwanamke wa sauti kubwa, na hapendi maswali ya huruma. Ukimuuliza kama aliwahi kufikiria kuacha kazi hii isiyomlipa, anakuangalia kama umeuliza kama aliwahi kufikiria kuacha miguu.

"Niende wapi? Miye niko mwalimu."

Darasa alilopewa mwaka huu hakuna mwingine aliyelitaka. Ni watoto wa miaka minane hadi kumi waliopoteza masomo, wengi wao wakiwa wametoka na wazazi vijiji vya upande wa Beni na Mangina wakati watu walipokuwa wakikimbia vita. Wengine walikuwa wamebadilisha shule mara nne, wengine hawakuwa wamekanyaga yoyote. Mkuu wa shule aliwaweka pamoja katika chumba kimoja na kumkabidhi Adèle chaki.

Katikati ya mwezi wa pili akaja inspekta. Anaitwa Kapinga, mama mtu mzima aliyetumwa kutoka Kasai, na huu ni mwaka wake wa tatu Butembo. Walimu wanamjua kwa mambo mawili: haarifu kwamba anakuja, na hapandishi sauti. Aliwaambia watoto wahesabu kwa mbili, kwa tano, na kwa kumi mpaka mia. Walioweza kwa mbili na kwa kumi walikuwa wawili; kwa tano, hakuna hata mmoja. Inspekta alifunga daftari lake, akamwita Adèle barandani, na kwa Kiswahili chake chenye Kifaransa kingi akamwambia ukweli.

"Madame, hawa batoto ni bakubwa. Siwezi kubapandisha juu ya huruma. Calcul ni calcul, hesabu ni hesabu. Narudi nyuma ya wiki saba, na nitaita kila mutoto peke yake."

Adèle hakubishana. Anasema hata leo haoni kosa la mama yule. Mtoto asiyejua kuhesabu kwa kuruka atafika kwenye kuzidisha akiwa kipofu, na hapo ndipo wengi wanapokwama maisha yote.

Siku hiyohiyo alimpigia simu rafiki yake Élise, waliyesoma naye ualimu. Élise anafundisha mjini Beni, na yeye pia ana watoto waliochelewa. Akamwambia ana kitu: karatasi kumi na moja za michezo ya kuhesabu kwa kuruka, unachapa tu, unakata, watoto wanacheza. Akazituma kwa simu.

Adèle akazipeleka kwa Kitsa. Kitsa ni mtoto wa baba yake mdogo, na anaendesha secrétariat public karibu na soko, yaani kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala. Ana kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa, na betri inayokula jua juu ya bati. Karatasi moja ni faranga mia tatu. Kwa Adèle ni faranga mia tatu pia. Kitsa hafichi kwamba undugu hauweki wino ndani ya mashine.

Michezo ile ilikuwa imetengenezwa nchi za mbali, na hilo lilionekana mara moja. Njia ilikuwa juu ya barafu. Kete zilikuwa ndege mweusi mwenye tumbo jeupe, anayetembea wima kama mtu. Darasa zima liliacha hesabu likaanza kumjadili yule ndege. Mwisho walikubaliana kwamba ni kuku ya masista, kwa sababu amevaa kama wao, na swali likabaki moja tu: kama analiwa na ugali au na ndizi. Nusu ya somo ikaishia hapo.

Usiku Adèle alichukua rula na penseli akachora michezo yake. Ya kuhesabu kwa mbili aliijaza samaki wa Kyavinyonge, wamefungwa wawili wawili kwa kamba, kama wachuuzi wanavyowashusha kwenye pikipiki. Kitsa alizipiga picha, akazinyoosha kwenye kompyuta, akachapa karatasi kumi, moja kwa kila kundi. Watoto walizishika hewani. Katika wiki moja darasa lilikuwa likiimba mbili, ine, sita, munane, likivuka hamsini bila kusimama.

Adèle akaamini kazi imeisha. Akachora njia ya tano.

Na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Ni lazima isemwe wazi kwamba wiki tatu zilizofuata, mwalimu alikuwa akitafuta kosa kila mahali isipokuwa mahali lilipokuwa. Kwanza aliona watoto hawajui tano. Lakini wakiambiwa walete chaki tano, wanaleta tano. Akaona wana haraka ya kushinda. Akawaondolea zawadi ya mshindi, ambayo ilikuwa kufuta ubao. Wakaendelea kutua kwenye sita, bila haraka.

Kisha akaamua kosa ni la Kitsa.

Alikuwa na sababu. Mara moja, kwenye karatasi za samaki, mashine ya Kitsa ilikuwa imekuza mchoro kidogo na kukata safu ya chini. Kwa hiyo Adèle alirudi kibandani na karatasi zake, akasema mashine inabana vyumba, watoto hawaoni mahali pa kusimama. Kitsa akachapa upya karatasi kumi, vyumba vikiwa vikubwa. Sita. Akachapa tena kumi, namba zikiwa nene. Sita. Akachapa kumi nyingine akiwa ametia rangi nyeusi kila chumba cha tano. Watoto walikivuka kile cheusi kwa adabu zote na kusimama kwenye cheupe kilichofuata.

Mara ya nne Kitsa alichoka.

"Yaya Adèle," akamwambia dada yake huyo mkubwa mbele ya wateja, "mashine yangu haijue hata kuhesabu. Inakosa namna gani?"

Wateja walicheka. Adèle alikusanya karatasi zake, akavuka barabara, akaingia kibanda cha mshindani wa Kitsa na kuchapa huko karatasi kumi zilezile, huku mlango ukiwa wazi. Kitsa aliona yote. Kwa siku kumi na mbili wawili hao hawakusalimiana, na katika familia ya Kahongya hilo ni jambo kubwa.

Karatasi za mshindani nazo zilitoa sita.

Wiki nne kati ya saba zilikuwa zimekwisha. Adèle anakiri kwamba ule ndio wakati alipoanza kuhesabu upande mbaya: akiangalia darasa, haoni tena watoto thelathini na wanane, anaona wangapi wataacha shule.

"Nilikuwa nawaambia kila siku, hapana, hapana, hapana," anasema. "Mutoto ukimwambia hapana mara kumi kwa siku, na haumuonyeshe iko wapi, anaanza kuona ni yeye mwenyewe njo hapana."

Jibu lilipatikana sokoni, Jumamosi, kwa bahati. Adèle hakuwa ameenda Kipese. Alikuwa na karatasi za kukata nyumbani, akatoka tu kununua nyanya. Kwenye ukingo wa barabara alimkuta mama Kavugho, mzazi wa Séphora, na meza yake. Familia hiyo ilitoka Mangina, ambako walikuwa na kakao. Hapa wanauza mafungu. Mama alikuwa akizungumza na mteja mwingine, kwa hiyo Séphora ndiye aliyemhudumia mwalimu wake.

Adèle aliomba fungu moja la tano. Mtoto alifungua mfuko, akahesabu kwa sauti, moja mpaka tano, akanyamaza. Kisha akachukua nyanya moja zaidi, ndogo kidogo, akaitia juu na kufunga mfuko.

Adèle alimwuliza mtoto kuna nyanya ngapi humo.

"Tano, Madame."

Akamwambia ahesabu tena. Séphora akazitoa mezani moja baada ya nyingine, akafika tano, na ile ya sita ikabaki mkononi mwake. Adèle akamwuliza, na hiyo?

"Ile haihesabiwaka, Madame. Ni ya kuongeza."

Mama Kavugho alikuwa amegeuka kusikiliza. Alidhani mwalimu anamshtaki binti yake kwa kumpunja, na alipoelewa ni kinyume chake, akacheka mpaka akashika meza.

"Madame, kwenu Kipese mukiuza viazi, hamuongezeake mutu? Ile ya juu ukimuhesabia, ni kama umemuuzisha salamu ya bonjour."

Haihitaji maelezo marefu kwa mtu wa huku. Fungu la tano lina sita. Anayekuuzia tano kavu ni mchoyo, na kesho hutapita kwenye meza yake. Ile moja ya juu haina bei wala namba. Inawekwa kimya, na anayeitaja amekosa heshima, kwa sababu ni kama anadai shukrani. Kati ya wale watoto thelathini na wanane, Adèle alikuja kuhesabu baadaye, ishirini na tisa wanasaidia meza ya mama au ya shangazi wakitoka shule. Waliobaki walifuata wenzao. Kwa samaki hawakukosea, maana samaki wawili wa kamba hawana nyongeza. Lakini neno tano, kwao, lilikuwa fungu. Walikuwa wakilipa karatasi ya mwalimu haki yake.

"Na miye nimekula ile ya sita tangu nizaliwe," anasema Adèle. "Nimeiongeza kwa batu maelfu. Na sikuiona. Mwalimu mukubwa."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Kitsa. Kuomba msamaha si kazi anayoijua vizuri. Aliweka mfuko wa nyanya juu ya mashine ya kuchapa akamwambia ni tano. Kitsa akazihesabu, akapata sita, akasema naye sasa ameambukizwa. Ilibidi aketi amweleze. Alipomaliza, Kitsa alizirudisha nyanya mfukoni. Kisha akauliza kama hela za yule mtu wa ng'ambo ya barabara zinaweza kurudi. Walikuwa wamepatana.

Mwalimu mwingine angewaambia watoto: hapa ni shule, nyongeza hatuna. Adèle alilifikiria hilo kwa dakika chache na kuliacha. Kumwambia mtoto wa mama Kavugho kwamba kuongeza ni kosa, ni kumwambia mama yake ni mjinga. Alichotaka ni mahali pa kuiweka ile ya sita ili isikanyage njia.

Wazo la mahali lilitoka kwa Kitsa. Mashine yake, kama mashine nyingi, haichapi mpaka ukingoni; inaacha ukanda mweupe pembeni ya karatasi ambao siku zote ni hasara. Akapendekeza njia isogezwe ndani kidogo, na nje yake, mbele ya kila chumba cha tano, wachore kikapu kidogo.

Jumatatu watoto walipokea karatasi mpya na maharagwe mengi zaidi. Amri ilikuwa fupi. Tano ni za njia, ile moja ni ya kikapu. Ukifika tano, toa ya kuongeza, itie kikapuni, kisha endelea kutoka pale uliposimama.

Saa nne asubuhi kundi la Séphora lilikuwa limetua tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Saa nne na nusu makundi sita yalikuwa hapo. Adèle alitoka nje akasimama nyuma ya choo cha shule, mahali pekee ambapo watoto hawamfuati, akakaa huko kidogo.

Kitu ambacho hakuwa amekipanga kilikuja siku mbili baadaye. Syauswa alikuwa amefika arobaini, akaangalia vikapu, akamtambia Séphora kwamba yeye ameuza mafungu manane na Séphora ameuza sita tu, kwa hiyo aende akafunge meza. Adèle akasimama. Mtoto ambaye wiki moja kabla hakujua arobaini inafikiwa vipi, alikuwa amesema, bila kuulizwa, kwamba arobaini ni tano mara nane. Vikapu vilikuwa vinahesabu mafungu. Hiyo ni kazi ya mwaka wa pili.

Wiki mbili na siku kadhaa zilibaki, na Adèle alijua inspekta hataruhusu maharagwe wala karatasi. Kwa hiyo aliviondoa polepole. Kwanza maharagwe, watoto wakawa wanagusa kwa kidole. Kisha vikapu, akawaambia wavitie katika mkono wa kushoto, kila fungu wakunje kidole kimoja, na vikiisha vyote vitano waanze kuvikunjua kimoja kimoja. Mwisho aliondoa karatasi yenyewe, wakaandika kwenye vibao vyao huku mkono wa kushoto umefichwa mapajani, ukikunja.

Inspekta Kapinga alifika Jumatano, siku aliyosema, saa moja na nusu. Mvua ilikuwa inanyesha. Alimwomba Adèle atoke nje, akabaki ndani na mkuu wa shule. Adèle alisimama barandani kando ya dirisha lisilo na kioo, akisikia kila jina linaitwa na kila chaki inagonga kibao.

Séphora aliitwa wa nne. Aliandika kwa tano kutoka sifuri. Alipofika thelathini na tano inspekta alimsimamisha. Alikuwa ameuona mkono.

Aliuliza mkono ule unafanya nini. Adèle anasema alidhani mtoto ataambiwa anaiba.

"Ni kikapu, Madame," Séphora akajibu. "Tano ni ya kuuza. Ile moja ni ya kujua umeuza mara ngapi."

"Donc umeuza mara ngapi?"

Mtoto hakuangalia kibao. Aliangalia vidole vyake.

"Saba."

Kisha inspekta akamwita Adèle dirishani na kumwambia kwamba hesabu haina nyongeza. Adèle, akiwa amelowa bega moja, akamjibu kwamba ya soko inayo. Mama yule alimwangalia, akarudi mezani, akaandika kitu, na akaita jina la tano. Lakini kuanzia hapo, anasema mkuu wa shule, kila mtoto aliyemaliza kuandika aliulizwa swali lile la pili, mara ngapi, ingawa halikuwa kwenye mtihani. Alitaka tu kujua.

Walimaliza saa saba mchana. Watoto thelathini na watano kati ya thelathini na wanane walihesabu kwa mbili, kwa tano na kwa kumi mpaka mia. Inspekta alisoma majina barandani kwa sauti yake ileile ya chini. Kabla ya kupanda gari aliomba karatasi moja ya vikapu. Adèle hakumwuliza ni ya nini.

Tangu siku hiyo kazi imekuwa kubwa zaidi. Thelathini na watano hao wako tayari kupanda mwaka wa pili, na sasa wanahesabu kwa tatu, kwenye karatasi iliyochorwa mafiga, mawe matatu chini ya kila chungu. Mafiga hayana nyongeza. Adèle aliuliza kwanza, nyumba kwa nyumba, kabla ya kuchora. Ndivyo anavyofanya siku hizi. Haanzi na rula. Anaanza na swali: kwenu hiki kinahesabiwaka namna gani?

Mwezi wa saba shule zikifungwa atakwenda Beni. Élise amekusanya walimu kumi na wanne wenye watoto waliochelewa, na wamekubaliana wakutane siku tatu. Kitsa amekwisha chapa karatasi ishirini, amezifunga kwa plastiki zisilowe njiani, na safari hii ametoza nusu. Anasema nusu nyingine ni ya kuongeza. Adèle anataka walimu wa Beni wasizichukue zilivyo. Anataka wakaulize masoko yao, maana labda huko fungu ni la nne, labda ile ya juu ni mbili.

"Nikipata hata mwalimu kumi, mutoto wa Mangina akirudi kwao atakuta hesabu ileile inamungoja," anasema. "Njo ile natafuta. Na jina langu kwenye ile orodha, mais ile nimezoea kungoja."

Anayasema haya akiwa amekaa kwenye dawati la watoto, magoti juu, anakata kadi kwa mkasi. Hana shaka kwamba itafanikiwa. Ameona ikifanikiwa.

Alipoulizwa iligharimu nini, aliweka mkasi chini. Hakutafuta maneno.

Karatasi mia mbili na kumi na sita. Arobaini kati ya hizo zilichapwa bure, kwa kosa ambalo halikuwepo. Jumamosi saba ambazo hakupanda Kipese. Shamba halikupaliliwa, na mwaka huu limetoa magunia manne ya viazi, mwaka jana yalikuwa kumi na moja. Wiki tatu za kuwaambia watoto wamekosa, wakati walikuwa wanahesabu kama walivyolelewa.

Na watatu walioshindwa. Walikuwa wakubwa kuliko wenzao, wote miaka kumi. Katika zile wiki tatu, Adèle aliwahamishia nyuma ya darasa, wakae huko mpaka wajue kusimama kwenye tano. Walikaa siku nne. Siku ya tano hawakuja. Kikapu kilipopatikana alikwenda kuwatafuta makwao, mara mbili, na waliporudi zilikuwa zimebaki siku sita kabla ya mtihani. Hazikutosha.

Baada ya majina kusomwa, alikwenda tena. Mmoja wao, Jacob, yuko na chukudu ya mjomba wake, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, anasukuma mkaa. Msichana mmoja amekwenda Beni kulea mtoto wa watu. Wa tatu yupo shuleni, anakaa na wa miaka sita, na magoti yake hayaingii chini ya dawati.

"Wiki tatu," anasema Adèle. "Zingekuwa zao."

Watatu walishindwa. Mmoja amerudi. Wawili hawakurudi.